"Akitaka Ataacha": Dawa za Kulevya, Afya Yetu na Uhuru Tuliopewa



 Leo tunazungumzia dawa za kulevya. Najua mada hii umeshaisikia shuleni, kwenye semina za VIWAWA na TYCS, na kila ifikapo tarehe 26 Juni, siku ambayo dunia nzima hukumbushana juu ya vita dhidi ya dawa hizi. Mara nyingi tunaambiwa "ni mbaya, zinaua, acheni", halafu tunaimba na kwenda nyumbani. Leo naomba tuende taratibu kidogo, tuangalie zinafanya nini hasa ndani ya mwili, kisha tujiulize swali moja.

Swali lenyewe linatokana na maneno mawili tunayoyasikia sana mitaani. La kwanza ni la anayetumia: "Mimi siyo teja bwana, naweza kuacha muda wowote." La pili ni letu sisi tunaomtazama: "Yule anajiendekeza tu. Akitaka ataacha." Ukiyaangalia vizuri, maneno haya yanafanana. Yote yanaamini kwamba utashi wa mtu unabaki vilevile kabla na baada ya dawa, kama taa ambayo unaiwasha na kuizima upendavyo. Je, ni kweli? Hapo ndipo somo letu lilipo.

1. DAWA ZA KULEVYA NI NINI?

Kwa lugha rahisi, ni kitu chochote ambacho kikiingia mwilini, iwe kwa kunywa, kuvuta, kunusa, kutafuna au kujidunga, kinabadilisha jinsi ubongo unavyofanya kazi: namna unavyohisi, unavyofikiri na unavyoamua. Nyingine zimekatazwa na sheria. Hapa Tanzania, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inazuia bangi, mirungi, heroini, kokeini na nyinginezo. Nyingine zinauzwa dukani bila shida yoyote, mfano pombe na sigara. Nyingine ni dawa halali za hospitali zinazotumiwa kinyume cha maelekezo.

Zingatia jambo hili: mwili wako hausomi sheria. Ini halijui kama ulichokunywa kina stempu ya kodi au hakina. Kwa hiyo katika somo hili tutaziweka zote pamoja.

2. UBONGO UNATEKWAJE?

Mungu ametuumba na mfumo mzuri sana ndani ya ubongo. Ukila ukiwa na njaa, ukikumbatiwa na mama yako, ukifaulu mtihani, ubongo unatoa kemikali iitwayo dopamini. Kemikali hii ni kama sauti inayosema: "Hili ni jema, likumbuke, lirudie." Ndiyo inayotufanya tutafute chakula, tupende watu, tufanye kazi kwa bidii.

Dawa za kulevya zinaingia kwenye mfumo huohuo kwa mlango wa nyuma. Zinamwaga dopamini nyingi kuliko chakula au furaha ya kawaida inavyoweza, na bila wewe kufanya kazi yoyote. Ubongo unapoona mafuriko haya yanarudi kila siku, unajilinda. Unapunguza vipokezi vyake, yaani zile sehemu zinazopokea kemikali hiyo. Matokeo yake ni matatu.

Kwanza, dozi ya jana haitoshi leo. Aliyeanza na kete moja anataka mbili, na aliyelewa kwa bia mbili sasa anahitaji tano.

Pili, mambo ya kawaida yanakosa ladha. Mpira, muziki, mchumba, hata sala, vyote vinakuwa kama chakula kisicho na chumvi.

Tatu, bila dawa mwili unaumwa. Ndiyo ile hali inayoitwa arosto. Hapo mtu hatumii tena ili afurahi. Anatumia ili asiumwe.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi vijana moja kwa moja. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayopima matokeo na kusema "hapana, subiri kwanza". Ni breki zetu. Sehemu hii inaendelea kukomaa mpaka mtu afikie miaka kama 25 hivi. Ndiyo kusema anayeanza bangi au pombe akiwa na miaka 14 analiendesha gari ambalo breki zake fundi hajamaliza kuzifunga, na dawa yenyewe inaharibu breki hizohizo. Ndiyo maana wengi waliozama katika uraibu walianza wakiwa wadogo.

3. TUZIANGALIE MOJA MOJA

(a) Pombe

Wengi tunaanzia hapa kwa sababu ipo kila mahali: harusini, kipaimara, msibani. Tufanye hesabu kidogo. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi halisi. Mililita 60 za pombe kali yenye asilimia 40 zina mililita 24. Kumbe yule anayejisifu kwamba "mimi nakunywa bia tu" na yule wa pombe kali wanaweza kuwa wamekunywa kiasi kilekile. Ini linahitaji kama saa mbili hadi tatu kuisafisha chupa hiyo moja, na kahawa au maji ya baridi kichwani havitaliharakisha.

Madhara yake ya muda mrefu ni ini kujaa mafuta na hatimaye kusinyaa, shinikizo la damu, vidonda vya tumbo, kupoteza kumbukumbu, na saratani za mdomo, koo, ini na matiti. Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kabisa kwa afya. Mama mjamzito akinywa, mtoto anakunywa naye.

Gongo na pombe nyingine za kienyeji zilizokenekwa zina hatari ya ziada. Zikitengenezwa vibaya au zikichanganywa na kemikali za viwandani zinaweza kuwa na methanoli. Mwili unaigeuza methanoli kuwa asidi inayoharibu mshipa wa fahamu wa macho. Mtu analala akiwa amelewa, anaamka kipofu, au haamki. Mwezi Mei 2014, jirani zetu wa Kenya walizika makumi ya watu kutoka kaunti mbalimbali kwa pombe ya namna hiyo. Sisi wenyewe tunakumbuka viroba, vile vipakiti vya pombe kali vilivyoweza kujificha hata kwenye mfuko wa sare ya shule, mpaka Serikali ilipovipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017.

(b) Tumbaku

Sigara, ugoro na shisha vyote vina nikotini. Ukivuta, nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde kama kumi, na kasi hiyo ndiyo inayoifanya iwe ngumu kuacha. Tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka kwa saratani ya mapafu, magonjwa ya moyo, kiharusi na magonjwa ya njia ya hewa. Wapo wanaodhani shisha ni salama kwa kuwa moshi unapita kwenye maji. Maji yanaupoza moshi tu, hayaondoi sumu. Na mkaa ule unaowaka juu unakuongezea hewa ya ukaa yenye sumu.

(c) Bangi

Ndumu, msuba, jani, majina ni mengi. Kemikali yake kuu inaitwa THC. Inavuruga kumbukumbu za karibuni, umakini na uwezo wa kukadiria muda na umbali. Kwa mwendesha bodaboda hiyo ni hatari tosha. Shuleni utamwona mwanafunzi amekaa darasani lakini hakishiki anachofundishwa. Moshi wake nao una lami inayochafua mapafu.

Utasikia watu wakisema: "Bangi ni mmea tu, haina uraibu." Watafiti wanakadiria kwamba katika kila watumiaji kumi, mmoja hivi hunaswa na uraibu, na kwa wanaoanza wakiwa na umri mdogo ni kama mmoja kati ya sita. Pia inaongeza hatari ya kuchanganyikiwa: kusikia sauti, kuhisi watu wote wanakufuatilia. Hatari hii ni kubwa zaidi kwa mwenye asili ya ugonjwa wa akili katika ukoo, na kwa anayetumia bangi kali kama skanka. Wewe unajua historia yote ya ukoo wenu? Mimi yangu siijui yote.

Na kuhusu "mmea tu": kasumba inayotengenezwa heroini inatoka kwenye ua, kokeini inatoka kwenye jani, na tumbaku ni mmea. Hilo halijawahi kuwa kipimo cha usalama.

(d) Mirungi

Kenya wanaiita miraa, inalimwa sana Meru na huko ni biashara halali. Huku kwetu imekatazwa. Kemikali yake kuu, kathinoni, inaanza kupotea majani yakinyauka. Ndiyo maana mirungi hufungwa kwenye majani ya mgomba na kusafirishwa kwa mwendo wa kukimbizana. Inaamsha mwili, inaondoa usingizi na njaa, na inampa mtu maneno mengi. Madereva wa safari ndefu na wanafunzi wa "kukesha" huipenda kwa sababu hiyo.

Lakini nguvu ile haikutoka mbinguni. Umeikopa kwenye mwili wako mwenyewe. Mapigo ya moyo yanaenda mbio, shinikizo linapanda, tumbo linafunga choo, meno na fizi vinaharibika, na ikikuishia unabaki na huzuni, hasira na uchovu. Dereva aliyekesha kwa mirungi siku mbili anaweza kusinzia ghafla kwenye usukani akiwa na abiria sitini nyuma yake.

(e) Heroini na kokeini

Heroini, au unga, inatokana na kasumba. Nyingi inayofika pwani yetu inatoka Afghanistan na kuvuka Bahari ya Hindi kwa majahazi. Ikifika kwenye ubongo inageuka kuwa mofini, inazima maumivu na kuleta utulivu wa ajabu. Tatizo ni kwamba vipokezi inavyovishika vipo pia kwenye sehemu inayoongoza kupumua. Dozi ikizidi, mtu anasahau kupumua. Hafi kwa kupiga kelele. Anakufa kama aliyelala.

Arosto yake huanza saa 6 hadi 12 baada ya dozi ya mwisho: miayo, mafua, machozi, jasho, mifupa kuuma, kuharisha, kutapika, kukosa usingizi. Siku mbili tatu za mwanzo ndizo kali zaidi. Wanaojidunga na kuchangia sindano wanapata VVU na homa ya ini aina ya B na C, pamoja na majipu na mishipa kuoza.

Kokeini inafanya kinyume: inaamsha. Inabana mishipa ya damu na kuukimbiza moyo, hivyo hata kijana mwenye afya njema anaweza kupata shambulio la moyo au kiharusi.

(f) Dawa za hospitali na gundi

Dawa za usingizi kama valiamu, za maumivu makali kama tramadoli na pethidini, na za kikohozi zenye kodeini, ni baraka zikiandikwa na daktari. Zikinywewa ovyo zinaleta uraibu, na zikichanganywa na pombe zinaweza kusimamisha pumzi, kwa kuwa zote zinavuta kuelekea upande mmoja.

Gundi na petroli hunuswa zaidi na watoto wa mitaani, ambao huambiana kwamba zinasahaulisha njaa na baridi. Mvuke wake unaharibu mishipa ya fahamu, figo na ini, na unaweza kuusimamisha moyo ghafla, hata kwa anayenusa kwa mara ya kwanza.

4. SASA TURUDI KWENYE SWALI LETU

Mt. Tomaso wa Akwino anatofautisha mambo mawili. Kuna tendo la mtu na kuna tendo la kibinadamu. Ukijikuna ndevu huku unawaza mambo mengine, hilo limefanywa na mtu, lakini hukulifikiria wala kuliamua. Tendo la kibinadamu kweli ni lile linalotoka kwenye akili inayojua na utashi unaochagua. Hapo ndipo mwanadamu anapokuwa bwana wa matendo yake.

Kwa mantiki hiyo, Mt. Tomaso anaona ubaya wa ulevi hapa: mtu anajiondolea kwa hiari yake ile akili inayomwezesha kutenda mema na kuepa maovu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2291, inafundisha kwamba matumizi ya dawa za kulevya yanaharibu vibaya afya na uhai wa binadamu, na kwamba, isipokuwa kwa sababu za tiba, ni kosa zito. Wanaozitengeneza kwa siri na kuziuza wanahesabiwa kuwa wanashiriki katika uovu. Hilo liko wazi na hatulipunguzi.

Lakini Katekisimu hiyohiyo, namba 1735, inasema kwamba wajibu wa mtu kwa tendo lake unaweza kupungua, au hata kuondoka, kwa sababu ya hofu, mazoea na mambo mengine yanayombana. Pia tulijifunza kwenye mafundisho ya kipaimara kwamba ili dhambi iwe ya mauti lazima mambo matatu yakutane: jambo lenyewe liwe zito, mtu ajue vizuri, na aridhie kwa utashi kamili. Sasa linganisha na tulichosema kuhusu breki za ubongo, vipokezi na arosto. Mraibu aliyeamka saa kumi alfajiri mifupa inauma, anatapika, anaitafuta kete, je, utashi wake ni kamili kama wa yule aliyeonjeshwa kijiweni mara ya kwanza akiwa mzima?

Jibu ni hapana. Na hapo maneno yetu mawili yanaanguka yote. Anayesema "naweza kuacha muda wowote" hajui kwamba kitu cha kwanza kinacholiwa na dawa ni huohuo uwezo wa kuacha. Na sisi tunaosema "akitaka ataacha" tunamdai mtu alipe kwa fedha ambayo imeshaibiwa.

Tuwe waangalifu pia tusiende upande wa pili na kusema, "Basi hana kosa lolote, mwacheni." Uhuru uliopungua bado ni uhuru. Mraibu wengi wao hawawezi kuamua leo na kesho wakawa wazima, lakini wanaweza kuamua kumwambia mtu mmoja ukweli, au kukubali kupelekwa kliniki. Tendo hilo dogo ni la kibinadamu kabisa, na mbele ya Mungu lina thamani kubwa.

5. MTAKATIFU ALIYEKUWA MRAIBU

Wengi hawamjui Mt. Marko Ji Tianxiang. Alikuwa mlei, baba wa familia na daktari huko China katika karne ya 19, mtu aliyeheshimika na aliyewatibu maskini bure. Akaugua tumbo, akajitibu kwa kasumba, dawa ya kawaida kabisa kwa wakati ule. Tumbo likapona, lakini kasumba haikumwachia.

Alikwenda kuungama. Akaanguka tena, akaungama tena, mara nyingi. Mwishowe padre muungamishi akaona kwamba mtu anayerudia kosa lilelile hana nia thabiti ya kuacha, akamzuia kupokea sakramenti mpaka atakapoacha kasumba. Wakati ule hakuna aliyejua habari za dopamini wala vipokezi. Marko alikaa miaka 30 hivi bila Komunyo. Angeweza kuliacha Kanisa. Hakuliacha. Aliendelea kusali, huku akijulikana kijijini kama mvuta kasumba.

Mwaka 1900, wakati Wakristo walipouawa katika machafuko ya Wabokser, alikamatwa pamoja na watu wa familia yake, wakiwemo wajukuu. Inasimuliwa kwamba aliomba auawe wa mwisho ili asiwepo hata mmoja wa nyumba yake atakayekufa peke yake. Tarehe 1 Oktoba 2000, Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu pamoja na wafiadini wengine 119 wa China.

Hatukuambiwa popote kwamba aliwahi kuacha kasumba. Kasumba haikumfanya mtakatifu, ilimtesa. Lakini utashi ambao watu waliuona umekufa ulikuwa hai kiasi cha kutoa uhai kwa ajili ya Kristo. Ukikutana na "teja" pale stendi, kumbuka kwamba hujui kilichomo ndani yake.

6. TUFANYE NINI?

Kwa ambaye hajaanza: usijaribu. Kwenye hili hakuna ushujaa wa kuonja. Ukialikwa, huhitaji hotuba, sema "situmii" na uondoke. Mara nyingi anayekuonjesha ni rafiki, siyo adui, kwa hiyo jiandae kumkatalia rafiki.

Kwa aliyeanza: mwambie mtu mmoja leo. Mzazi, shangazi, mlezi wa vijana, muuguzi, padre. Ukienda kwenye kitubio siri yako iko salama, lakini kitubio hakichukui nafasi ya hospitali, kama vile hospitali haichukui nafasi ya kitubio. Unahitaji vyote viwili.

Kwa uraibu wa heroini ipo tiba ya methadoni. Ilianza katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwezi Februari 2011, ikafuata Mwananyamala na Temeke, na leo ipo pia katika mikoa mingine na Zanzibar. Mgonjwa anakunywa dozi yake mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, bila malipo. Methadoni inashika vipokezi vilevile lakini taratibu na kwa muda mrefu, hivyo arosto inatulia na mtu anaweza kufanya kazi na kulea watoto. Wapo wanaosema "huko ni kubadilisha unga kwa unga". Siyo kweli. Mwenye kisukari akichoma insulini kila siku hatumwiti mraibu wa insulini. Zipo pia nyumba za upataji nafuu, zile tunazoziita soba hausi, ambako waraibu wanaishi pamoja na kusaidiana.

Kwa familia na jumuiya zetu ndogo ndogo, kuna mambo manne ambayo yanaweza kuokoa maisha:

• Usimfungie ndani mlevi wa pombe wa miaka mingi ili "aache kwa nguvu". Kukatisha pombe ghafla kwa mtu wa namna hiyo kunaweza kuleta degedege na kifo. Mpeleke hospitali aachishwe chini ya uangalizi.

• Anayetoka soba hausi au gerezani yuko kwenye hatari kubwa. Mwili wake umeshasahau dozi kubwa. Akirudia kiasi alichokuwa akitumia zamani, kinaweza kumuua siku hiyohiyo. Wiki zake za kwanza nyumbani asiachwe peke yake.

• Ukimkuta mtu haamki, anakoroma kwa shida, midomo imebadilika rangi na mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini, mlaze kwa ubavu na umkimbize hospitali. Waambie wahudumu ukweli juu ya alichotumia. Ipo dawa iitwayo naloksoni inayoweza kumrudishia pumzi, lakini lazima wajue. Usimwache hapo "alale, itaisha".

• Mwombeeni, lakini msimzuie kutumia dawa aliyopewa na daktari kwa sababu ya maombi. Aliyemuumba daktari ndiye tunayemwomba.

Na akirudi kutumia baada ya kuacha, tusiseme "si tulisema". Uraibu ni ugonjwa unaorudi, kama ilivyo kwa magonjwa mengine sugu. Mpeleke tena.

7. MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwenye sherehe zetu za parokia na za familia, pombe ina nafasi gani? Mtoto wa kipaimara anajifunza nini siku ya sherehe yake?

2. Katika eneo la jumuiya yenu, je, mnamjua mraibu yeyote kwa jina lake la ubatizo, au mnamjua kwa jina la "teja" tu? Mara ya mwisho aliingia kanisani lini, na alikaa wapi?

3. Kituo cha karibu kinachotoa huduma kwa waraibu kiko wapi? Mpeni mtu mmoja kazi ya kuulizia kwenye hospitali ya wilaya kabla ya kikao kijacho, na ajibu.

Swali la tatu msiliruke tafadhali. Kikundi kinachojua pa kumpeleka mtu kina cha kumwambia siku atakapogonga mlango saa nne usiku.

Tuombe: Ee Mungu wetu, uliyetuumba huru, uwalinde vijana ambao bado hawajaonja. Uwape waraibu nguvu ya kunyoosha mkono, nasi utupe moyo wa kuushika mkono huo bila kuuliza umeshika nini jana. Mt. Marko Ji Tianxiang, utuombee. Amina.

Tukutane somo lijalo. Mungu akubariki.